Ayer, hoy na wageni wa Kaole

Wadau tunaotembeza wageni hapa Bagamoyo, maneno ya wakati ya Kihispania yanataka mtu atulie kidogo. Ukishataja ayer (jana) au anoche (jana usiku) mambo yameisha, unasema ayer visité Kaole, jana nilitembelea magofu ya Kaole, basi. Shughuli iko kwenye hoy (leo), maana mgeni wa Madrid atakwambia hoy he visitado Kaole, leo nimetembelea Kaole, kwa vile siku yenyewe bado inaendelea, halafu anakuja wa Mexico na hoy visité yake, leo nilitembelea, na wote wako sawa tu! Mi nakipenda zaidi cha Mexico, hakina mlolongo. Todavía no (bado) ndo haisumbui kabisa, todavía no he comido, sijala bado, na ukiisikia hiyo saa nane mchana mpeleke mtu wa watu sokoni akapate samaki wa kukaanga fasta.