Shangazi, Tunis na fomu ya uenyekiti

Uchaguzi wa serikali za mitaa ukikaribia, hapa Ujiji hakosi mtu wa kutuambia, "Hata Uarabuni kwenyewe wanawake hawagombei." Wanagombea, bwana. Hata Saudia, Desemba 2015, walipiga kura na kugombea mabaraza ya manispaa kwa mara ya kwanza. Walishinda kama 20 tu katika viti takriban 2,100, lakini waligombea.

Mimi mfano wangu ni Tunisia. Uchaguzi wa manispaa wa Mei 2018, sheria ilitaka kila orodha ya wagombea ipangwe mwanamume, mwanamke, mwanamume, mwanamke, toka juu hadi chini. Isitoshe, chama chenye orodha manispaa nyingi kilitakiwa nusu ya orodha zake ziongozwe na wanawake. Hapo ndipo penye utamu. Mkiwaweka akina mama namba mbili kila mahali, chama kikapata kiti kimoja, mama harudi na kitu. Basi wanawake wakapata kama asilimia 47 ya viti.

Julai hiyo Souad Abderrahim, mfamasia, akawa meya wa kwanza mwanamke wa Tunis, mji mkuu. Mwanasiasa mmoja wa chama kingine alipinga: eti usiku wa 27 wa Ramadhani meya huwa msikitini, sasa mwanamke itakuwaje? Nilimsomea shangazi habari hiyo akianua dagaa kule Kibirizi. Hata kichwa hakuinua.

"Kwani anakwenda kuswalisha?"

Shangazi ni mjumbe wa mtaa, viti maalumu. Kwenye ugomvi wa mipaka na misiba, wanamtafuta yeye. Ila mtu akitaka barua ya utambulisho ya benki, anampita barazani, salamu juu juu, aende kwa mwenyekiti, maana muhuri uko kule. Sivibezi viti maalumu, ndivyo vilivyomtoa. Lakini tangu lini vikawa mwisho wa safari? Hata Tunisia, pamoja na asilimia zote zile, mameya wanawake walikuwa karibu mmoja kati ya watano.

Machi 2023 Rais Kais Saied akayavunja mabaraza yote ya manispaa. Nilipomweleza hilo shangazi alisonya, akauliza kama fomu za uchaguzi ujao wa mitaa zitatoka 2029. Ya viti maalumu achukue binti mwingine, kasema. Yeye anachukua ya uenyekiti. Wakala wake kituoni nimeshateuliwa mimi, bila kuulizwa.