Tui la kwanza, tui la pili

Ijumaa nilitua Manda karibu saa saba mchana. Watu walikuwa msikitini, kwa hiyo boti ya kuvuka hadi Amu, mji wa Lamu, ilibidi isubiriwe. Nikakaa gatini na begi langu, nikanunua dafu. Miaka tisa Leicester nimekuwa nikinywa maji ya dafu ya pakiti. Hili liliangushwa asubuhi ile. Nilipomaliza maji nikaomba lipasuliwe, nikakomba nyama yake laini kwa kipande cha kumbi.

Jioni kaka alileta mikate ya mofa, moto bado, na mishkaki. Tukala uani, kisha kahawa chungu ya tangawizi na halua kidogo. Nililala mapema.

Jumamosi ndiyo niliyoijia.

Kule Uingereza kazi yangu ni kutunza wazee, na wikendi nyingi niko zamu. Nikipata Jumapili ya kupumzika hupika samaki wa kupaka. Nafungua kopo la tui, namimina lote, na hutoka kitu cha manjano kinacholika, lakini sicho. Miaka yote nililaumu samaki, kwamba wamegandishwa na wametoka mbali. Nikabadilisha samaki mara ngapi sijui. Wapi!

Mama aliponisikiliza hakusema neno. Alikwenda stoo akatoka na mbuzi ya kukunia nazi, akaniita.

"Ndoo ukune, mwanangu."

Nazi mbili kubwa. Nilikuna kwa haraka mpaka nikaanza kutoa vipande vya kahawia, akanishika mkono. "Ukifika kwenye kifuu, wata. Hiyo nyeusi yaharibu tui." Nikapunguza kasi. Kisha maji ya uvuguvugu, kidogo tu, na kifumbu. Nikakamua: tui la kwanza, zito, likafunikwa na kuwekwa kando. Machicha yale yale yakaongezwa maji, yakakamuliwa tena: tui la pili, jepesi. Hili la pili ndilo lililopika wali, na ndilo lililoanza mchuzi pamoja na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na bizari. Zito likangoja. Liliingia mwishoni, moto mdogo, na mama hakuniruhusu kuacha kukoroga hata nilipoitwa mlangoni, maana tui zito likichemka kwa nguvu hukatika. Halafu ukwaju. Changu walikuwa wameshabanikwa kwenye makaa. Tukapaka, tukageuza, tukapaka tena, mpaka tui likaanza kushika rangi kwenye ngozi.

Basi ndilo kosa langu la miaka tisa. Nilikuwa nachemsha tui zito tangu mwanzo mpaka linatoa mafuta, halafu nawalaumu samaki.

Mji huu uliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001 kwa ajili ya majumba yake ya mawe na vichochoro. Mimi naona harufu nayo ingeandikwa humo. Kichochoro chetu ni chembamba, na harufu ya tui juu ya makaa haina pa kwenda ila kwenye madaka ya jirani. Kabla hatujapakua, jirani wawili walishabisha hodi, na kila mmoja aliondoka na sahani yake.

Tulikula kwenye sinia moja, wali uliopaliwa makaa juu ya kifuniko, achari ya embe pembeni, na jagi la maji ya ndimu. Mama alichambua miba na kusukuma minofu upande wangu, kama alivyofanya nilipokuwa na miaka sita. Sikumzuia. Nilikula yote aliyonisogezea.

Jumapili mahamri na mbaazi za nazi, chai ya maziwa, na mchana embe ngowe, nyingi. Jioni nikamkuta mama anaifunga mbuzi kwa leso kuukuu aitie kwenye begi langu. Nikamwambia nazi zipo madukani Leicester, ila zimekaa sana, sijui nitachaguaje.

Akachukua moja kutoka kapuni, akanisogezea sikioni.

"Itikise," akasema. "Usikie mai."