Gari la Zamani Likichemsha, Usikimbilie Kutoa Themostati

Kati ya hitilafu zote za magari ya zamani hapa Dar es Salaam, ni chache zinazoua injini haraka kama kuchemsha, na ni chache zinazotibiwa kiholela kama hiyo. Gari likichemsha kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, mafundi wengi huwa na dawa moja, nayo ni kutoa themostati, yaani vali inayodhibiti mzunguko wa maji ya kupozea injini, na kuitupa, kwa hoja kwamba kifaa hicho kimetengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi. Hoja hiyo si sahihi, na ninaipinga kwa moyo wote.

Themostati huziba njia ya maji injini ikiwa baridi, kisha hufunguka, katika magari mengi kwenye nyuzijoto 80 hadi 90 hivi, ili maji yaende kwenye rejeta, kifaa kinachoyapoza. Ikiondolewa, injini huchelewa kupata joto lake la kazi, kompyuta ya gari huendelea kuongeza petroli ikidhani bado ni baridi, na vyuma husagika mapema. Zaidi ya hayo, katika baadhi ya injini themostati hiyohiyo ndiyo huziba njia ya mkato, kwa hiyo ikitolewa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta kabisa.

Swali la kwanza liwe: gari linachemsha wakati gani? Likichemsha kwenye foleni na kupoa likishika mwendo, kagua feni, fyuzi yake na relei, yaani swichi ya umeme inayoiwasha. Likichemsha kwenye mwendo, shuku rejeta iliyoziba au wota pampu inayosukuma maji. Likipunguza maji bila kuvuja popote, huku likitoa moshi mweupe hata injini ikishapata moto, au oili ikibadilika kuwa kama chai ya maziwa, huenda gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku, imeungua, na hapo usiendelee kuliendesha. Fundi anayeuliza swali hili kabla ya kushika spana ndiye wa kumrudia.

Themostati yenyewe hupimwa kwa urahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka, na isipofunguka, nunua nyingine.

Kuhusu maji, wengi wetu hujaza ya kisima, ambayo katika maeneo mengi ya jiji yana chumvi, na chumvi huleta kutu na magaga ndani ya rejeta. Kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, si ya kuzuia barafu tu, kwani huzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka.

Mfuniko wa rejeta nao husahaulika, ingawa ndio unaoshikilia mgandamizo unaozuia maji yasichemke kwenye nyuzijoto 100. Ukague mpira wake injini ikiwa imepoa kabisa, kwa sababu ukifunguliwa ikiwa ya moto, maji hufumka na kuunguza uso na mikono. Ukienda mtaa wa Gerezani kununua mwingine, nenda na ule wa zamani, uhakikishe kwamba namba ya mgandamizo iliyoandikwa juu yake inalingana.