Makipa wa papa

Katika lupango letu, ua wetu wa Katuba hapa Lubumbashi, kulikuwa na maneno mawili ambayo hukuyasema mbele ya papa, baba yangu: «tisa bila». Kila Mkongomani anajua ni mechi gani. Kombe la Dunia la 1974, Ujerumani Magharibi, Zaire, ndivyo tulivyoitwa wakati ule, ikafungwa na Yugoslavia. Mgeni akiteleza akayasema, papa alikuwa anarudisha tonge la bukari kwenye sahani, anatulia kidogo, halafu: «Kazadi alitolewa zikiwa tatu. Zile sita si zake.»

Kazadi Mwamba alidakia TP Englebert, hii tunayoiita leo Mazembe. Papa, fundi wa reli, alikuwa akimwona hapahapa Lubumbashi siku za Jumapili, ndiyo maana alimsemea kama mtu wa ukoo. Kombe la Afrika la 1968 kule Ethiopia alilileta Kazadi akiwa golini, na Kalala, wa klabu ileile, akaifunga Ghana bao la pekee kwenye fainali. Kumtoa mtu kama huyo dakika ya ishirini na kitu! Na kocha wetu Vidinić, Myugoslavia, naye alikuwa kipa enzi zake. Hapo ndipo papa alipoumia. «Kipa anamjua kipa,» alikuwa anasema, anaishia hapo.

(Mwepu Ilunga pia alikuwa wa Englebert. Dunia bado inamcheka kwa ule mpira wa adhabu wa Brazil alioupiga mbali kabla haujachezwa. Kwetu hakuchekwa hata siku moja.)

Mimi ni kifungua mimba, msichana, na bado golini kati ya mawe mawili nilisimama mimi. Papa ndiye aliyenipanga pale. Leopards wangu, timu yetu ya taifa, walianzia hapo, na hadi leo mechi ikianza macho yangu yanamtafuta kipa kwanza.

Mwaka 2015 papa alikuwa haoni vizuri tena. Siku ya kugombea nafasi ya tatu ya Kombe la Afrika na Guinea ya Ikweta umeme ulikatika, tukahamia kwa jirani mwenye jenereta. Sauti ya televisheni ilimezwa na ile mashine, kwa hiyo nikawa mtangazaji wake. «Sema, mama, mpira uko wapi?» Zikaja penalti. Tukashinda nne kwa mbili, na kipa wetu Kidiaba akaketi chini akaanza kurukaruka.
«Anaruka namna gani?»
«Kwa matako, papa. Ameketi, anaruka kwa matako.»
Alicheka mpaka akakohoa, akaniomba nimweleze tena. Nilimweleza mara tatu.

Alituacha mwaka 2022.

Januari 2024, Kombe la Afrika, Côte d'Ivoire, sisi na Misri, sare ya bao moja kwa moja. Penalti zikapigwa mpaka zikafika kwa makipa. Gabaski, kipa wa Misri, akagonga mwamba. Akaja Lionel Mpasi, kipa wetu, mpira mkononi. Nilisimama katikati ya sebule, sauti ikanitoka yenyewe: anauweka chini, anarudi nyuma, anamwangalia Mmisri, anakuja...

«Mama, tunaona,» mwanangu akaninong'oneza.

Sikunyamaza mpaka wavu ulipotikisika.