Kombi ya 1974 iliyopoteza gia za upande mmoja

Basi jamani nimenunua kombi. Mnaonijua mtacheka maana kelele zote zilikuwa kwamba huku ughaibuni nitaendesha gari la kisasa, viti vinapata moto vyenyewe, lakini nikaiona hii Volkswagen T2 ya 1974, kioo kimoja kikubwa mbele, ndani kitanda cha kukunja cha Westfalia na kajiko ka gesi, moyo ukalainika hapo hapo. Nilivyoijaribu gia zilikuwa zinaingia kwa kubembeleza, nikajisemea ni ugeni wangu tu, gari la zamani lina maringo yake.

Ugeni gani! Njiani kurudi ya pili ikagoma. Ya kwanza ukiitafuta sana unaipata, ya tatu na ya nne zinaingia vizuri tu, kwa hiyo nikawa nakanyaga kutoka ya kwanza naruka hadi ya tatu, injini inatetemeka kama ina homa. Nikafika, nikapaki nikitazama ukuta, na hapo ndo nikagundua rivasi haipo kabisa. Unakandamiza kijiti chini, unavuta kushoto, unarudisha nyuma, hola. Tulikuja kuisukuma kwa mikono mimi na rafiki yangu.

Fundi wa gereji niliyemwita alichezesha kijiti mara mbili tatu akasema giaboksi imekufa, itolewe. Sasa kwenye hizi kombi injini iko nyuma kabisa, ili utoe giaboksi lazima injini itangulie kutoka, na fundi wa huku anahesabu kazi kwa saa. Nikamwambia asante, nitakupigia. Sikumpigia.

Nikaanza na jaribio ambalo halihitaji hata spana. Zima injini, kanyaga klachi, pitisha gia zote moja moja. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa halafu zinagoma ikiwa inaunguruma, basi klachi haikati, diski bado inazunguka na injini wakati wewe unadhani umeshaiachanisha. Zikigoma hata ikiwa imezimwa, shida iko kwenye njia ya kutoka kijiti hadi giaboksi, au ndani ya giaboksi yenyewe. Yangu ikanichanganya maana ilikuwa na yote mawili! Ya tatu na ya nne zikawa laini kuliko nilivyozizoea, ila upande wa kushoto, yaani ya kwanza, ya pili na rivasi, bado shida ile ile.

Nikaanza na klachi kwa kuwa ni rahisi. Pedali inatakiwa kuwa na mchezo mdogo tu juu kabla haijaanza kuvuta, kama milimita 10 hadi 20. Yangu ilikuwa inashuka bure karibu sentimita tano. Klachi ya T2 inavutwa na waya unaopita chini ya gari mpaka kwenye giaboksi, na mwisho wake kuna nati yenye mabawa unayoikaza kwa vidole. Shika ncha ya waya kwa koleo wakati unakaza usije ukausokota, na usikaze mpaka mchezo uishe kabisa, utaunguza beringi ya klachi. Na ukitaka kujua klachi inasemaje muulize rivasi, kwa sababu haina sinkro (kile kipete kinacholinganisha mwendo ili gia iingie bila kusaga) ya kuificha. Injini ikiwa inaunguruma, kanyaga, subiri sekunde chache, ingiza. Ikilia krrr bado haikati.

Klachi ikakaa sawa, ikabaki shida ya gia za kushoto, na hapa ndo nilikaa jioni mbili nikifikiria kuliko nilivyofanya kazi. Kijiti kiko mbele, giaboksi iko nyuma, katikati kuna rodi ndefu inapita chini ya sakafu. Ukisukuma kijiti mbele na nyuma rodi inateleza. Ukikipeleka kushoto na kulia rodi inajizungusha kidogo, na huko kujizungusha ndo kunachagua gia za upande gani. Sasa kama zinazopotea ni za upande mmoja tu, rodi inateleza sawa ila haizunguki vya kutosha. Giaboksi iliyokufa ingechagua kwa adabu hivyo? Kama ingekuwa ya pili na ya nne ndo zimepotea ningesema rodi haitelezi vya kutosha.

Nikaweka jeki, stendi, mawe kwenye matairi (msilale chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, tafadhali), nikaingia chini na tochi, yule rafiki yangu akakaa juu kuchezesha kijiti. "Kaka, hii ya pili au ya tatu?" Mimi naangalia rodi inaruka ruka kwenye tundu lake kama kijiko kwenye ndoo. Bushi ya plastiki inayoishika ilikuwa imebaki vipande viwili vya rangi ya chai. Kule nyuma kwenye kiunganishi cha giaboksi mpira umekauka, na ile skrubu inayotakiwa kufungwa na waya usilegee haikuwa na waya wowote, inazunguka kwa mkono.

Nikabadilisha bushi na mpira, grisi ya kutosha, skrubu nikaikaza nikaifunga waya. Baada ya hapo kijiti chenyewe kinahitaji kurekebishwa pale kinapokalia, kuna bolti mbili za spana 13 na chini yake kibati kinachozuia usiingie rivasi kwa bahati mbaya. Kabla hujalegeza chora alama kwa msumari ilipokuwa, halafu sogeza milimita moja moja. Mimi sikuchora. Nilipoteza saa nzima naipata rivasi naikosa ya kwanza.

Oili ya giaboksi nayo niliimwaga, lita tatu na nusu, nikaweka ya daraja la GL-4 maana ile ya GL-5 si rafiki wa shaba ya sinkro. Fungua kwanza nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, usije ukamwaga yote halafu ya juu ikakataa kufunguka.

Sasa zote nne zinaingia, na rivasi. Ya pili bado inasaga kidogo nikishuka kutoka ya tatu oili ikiwa ya baridi, hiyo ni sinkro imechoka na hakuna bushi itakayoitibu. Nakanyaga klachi mara mbili, napiga resi kidogo katikati, inaingia. Yule rafiki yangu bado anapaki la kwake mbali na la kwangu.