Nailoni Zinabaki Hapa

Mwaka 2017 nilikuwa nalala Tanzania na kushona Kenya. Kwetu ni Horohoro, wilaya ya Mkinga, kilomita 65 kutoka Tanga mjini. Duka nililofanyia kazi lilikuwa Lunga Lunga. Ukishavuka mpaka unapanda bodaboda kidogo, umefika. Watu wa mbali nikiwaeleza hushangaa, eti kila siku nchi mbili! Wakati huo mtu anayekaa Pongwe na kufanya kazi Tanga mjini pengine alichelewa njiani kuliko mimi.

Kilichonipeleka huko ni hela. Shilingi moja ya Kenya ilikuwa inavunjwa kwa 21 na ushei za kwetu. Unalipwa za kule, unanunua mchele kwa za huku. Simu yangu ilikuwa na laini mbili, ya Kenya ya kupokelea mshahara na ya Tanzania ya kusumbuliwa na ndugu. Mwenye duka alikuwa binamu wa marehemu baba, nikimwita shangazi, na kila mwezi aliniuliza kwa nini nisihamie kwake nikaacha kupanga foleni. Nilikuwa na mama mwenye goti bovu na minazi ambayo hakutaka kuiacha, na mwanangu alikuwa darasa la pili. Basi.

Ugeni wenyewe haukuwepo. Sisi Wadigo tuko pande zote mbili. Bibi yangu alizaliwa Vanga, upande wa Kenya, akaolewa Moa, upande wetu, na harusi yake haikugongwa muhuri popote. Huo mstari waliupanga Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, uanzie mlango wa mto Umba uelekee Ziwa Jipe, na sidhani kama kuna aliyekuja kuuliza shamba la nani liko wapi. Siku hizi mambo yamelegezwa, angalau kwenye karatasi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, ikasema mfanyakazi wa nchi moja aende nchi nyingine kwa uhuru. Uhuru huo una fomu zake, una kibali, una kadi ya manjano, na una mihuri inayokula kurasa za hati ya kusafiria kiasi kwamba unaanza kuzionea huruma. Lakini askari wa zamu walikuwa wananijua. "Fundi, leo umechelewa," wananiambia, kana kwamba wao ndio wanaonilipa.

Wiki ninayotaka kuieleza ilikuwa ya Idi ya kuchinja. Shangazi alikuwa na kasoro moja ambayo ndiyo iliyomtajirisha: hakujua kumwambia mteja hapana. Kila Idi anapokea oda mpaka mezani hapana nafasi ya kuweka mkasi. Mwaka ule zilizomjaa zilikuwa kanzu za wanaume, zote nyeupe, zote za kitambaa kimoja alichokileta kutoka Mombasa. Zilitofautiana urefu, mabega na mikono tu. Ukizitundika kwenye kamba kwa mbali utadhani ni za mtu mmoja aliyekosa shughuli nyingine.

Dukani walikata na kushona ubavu. Mimi Jumamosi nikazibeba za kumalizia nyumbani: pindo, vifungo, urembo wa shingoni, na pasi. Umeme ulikatika usiku, nikatumia pasi ya mkaa, ile inayotaka uipulize nje kwanza majivu yatoke ndipo uiguse nguo nyeupe. Kila kanzu niliyomaliza niliikunja, nikaitia kwenye nailoni nyeupe ya kuonyesha, zile za kununua fungu pale soko la Mgandini, Tanga, na ndani nikaweka kikaratasi cha jina na vipimo. Nailoni ile haikuwa ya urembo. Agosti ni kusi, upepo hauna adabu, na njia yetu ni ya malori.

Habari ya marufuku tulikuwa nayo. Serikali ya Kenya ilitangaza tangu Februari kwamba mifuko ya plastiki mwisho wake ni 28 Agosti, ikatoa miezi sita watu wajipange. Redio za Mombasa ziliimba wimbo huo asubuhi na jioni, zikiacha kidogo kwa ajili ya uchaguzi tu. Faini ilikuwa shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo. Vijana wa kijiweni kwetu walishaibadilisha kwa hela ya Tanzania: milioni 2 ni zaidi ya milioni 40. Mmoja akasema kwa hela hiyo anapata Noah mbili na chenji. Kila aliyesema habari hiyo alisema rambo, yaani mfuko wenye masikio unaopewa dukani. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, tarehe 28 yenyewe, nikazipanga kanzu zangu ndani ya salfeti, nikaifunga mdomo kwa kamba, nikajitwisha.

Nilipofika upande wa Kenya nilikuta basi la kutoka Tanga kwenda Mombasa limeshusha abiria wake wote na mizigo yao. Sijawahi kuona nchi ikikaguliwa namna ile. Palikuwa na meza, pembeni ya meza kuna pipa, na nyuma ya meza kijana mwenye koti la kung'aa ambaye kwa sura yake ilikuwa siku yake ya kwanza ya kazi hiyo, kama ilivyokuwa siku ya kwanza ya sheria yenyewe. Mama mmoja alikuwa na machungwa ya Muheza kwenye rambo tatu. Aliambiwa azimwage. Akauliza azimwage wapi. Hakuna aliyekuwa na jibu, na wakati wanatazamana rambo moja ikapasuka yenyewe, machungwa yakaanza kwenda Mombasa bila hati. Mzee mwingine alikuwa na mkate wa kiwandani, umevaa nailoni yake. Kijana akaushika, akaugeuza, akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaja akasema ule unapita, kwa kuwa umefungwa kiwandani. Mzee akautia kwapani kwa ushindi.

Nami ikafika zamu yangu. Kijana akafungua salfeti, akaniambia salfeti haina neno. Kisha akatia mkono ndani akatoa kanzu ya juu.

"Na hii?"

"Hiyo ni kanzu, kaka."

"Kanzu naiona. Hii iliyoivaa."

"Hiyo ni ya kuzuia vumbi. Haina hata masikio."

"Yenye mkono na isiyo na mkono, zote, dada. Majuala yote yanabaki hapa."

Alikuwa na karatasi ya tangazo mezani, akanionyesha, na kweli ndivyo lilivyoandikwa: wa kubebea na wa bapa. Hakunipigia kelele, wala hakuniomba kitu, na hilo namshukuru. Alisema faini ni kwa watakaokutwa nazo ndani. Mimi nilikuwa bado mlangoni, niache nipite. Tatizo langu halikuwa faini. Tatizo lilikuwa kwamba salfeti ile ilikuwa imebeba unga wa muhogo kabla ya kanzu. Niliikung'uta nilivyoweza, lakini unga wa muhogo hauondoki kwa kukung'utwa.

Pale karibu hukaa mama mmoja anayeuza vitumbua, naye ni wa kwetu Horohoro, alivuka mapema kuliko mimi. Alikuwa na ndoo yake ya plastiki yenye mfuniko wa plastiki, na hakuna aliyemgusa, maana sheria ilitaja mifuko, haikutaja ndoo. Aliniona nimesimama na kanzu mkononi kama niliyeshikilia mtoto wa mtu. Akaniita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shika hii." Akavua kanga ya juu, akabaki na ya kiunoni na mtandio. "Tandaza hapo, panga, funga. Jioni nirudishie ikiwa safi, nami sitaki maneno."

Ilibidi kanga mbili, yake na yangu. Nikapiga magoti kwenye sakafu, nachomoa kanzu moja moja, natupa nailoni kwenye pipa, vikaratasi navishika kwa meno. Upepo ulingoja mpaka nilipofikia katikati. Kikaratasi kimoja kikatoka, nikafungua mdomo kukifuata, na vyote vikatoka. Abiria wawili walinisaidia kuviokota. Tulivipata karibu vyote, ila havikuwa na faida tena, kwa sababu hakuna aliyejua kipi kilikaa na kanzu ipi.

Niseme hapa kwamba sheria ile naiona ya haki. Kwetu nimeona mbuzi aliyechinjwa akatoka na nailoni tumboni. Zanzibar walipiga marufuku miaka mingi kabla ya Kenya na hawakufa. Lakini siku ile, hatua chache tu nyuma yangu, vibanda vya Horohoro vilikuwa vinauza rambo kama kawaida, na mchana tulisikia kuna wajanja wameshaanza kununua kwa wingi, na si kwa kubebea machungwa. Zamu yetu ilikuja 1 Juni 2019. Ndipo na upande wetu mifuko ikakomeshwa, na wajanja wakatafuta kazi nyingine.

Dukani shangazi alipofungua furushi alikaa kitini kwanza.

"Za nani hizi?"

"Zote ni zetu, shangazi. Tupime."

Kanzu haipimwi ikiwa imekunjwa. Unaitandaza mezani, unaanzia begani karibu na shingo, unashusha futi kamba mpaka kwenye pindo, unavuta kitambaa kidogo kisikudanganye. Kisha bega kwa bega. Kisha mkono. Mimi napima, msichana wa vifungo anaandika, shangazi anafuata kwenye daftari la oda kwa kidole. Urefu 54, bega 18: huyu ni yule mwenye duka la simenti. Urefu 60: huyo ni mmoja tu Lunga Lunga nzima, hahitaji kutafutwa. Pasi yangu ya Jumamosi yote ikaenda bure, tukazipiga upya. Wateja nao wameanza kuingia, kwa sababu waliambiwa Jumatatu asubuhi, na shangazi akiahidi asubuhi huwa ni asubuhi.

Zikabaki kanzu mbili. Mabega yalilingana, mikono ililingana, urefu ulipishana inchi nne. Moja ya mzee wa Vanga, nyingine ya kijana wa Jasini, upande wetu. Wakati natandaza ya kwanza, akaingia mjukuu wa mzee, pikipiki inanguruma nje, ana haraka. Shangazi akachukua iliyokuwa juu, akampa. Nikamwambia sijamaliza kupima. Akasema, "Mzee mwenyewe amepinda mgongo, nani atajua?"

Ijumaa ile, 1 Septemba, Mahakama ya Juu ya Kenya ikabatilisha uchaguzi wa rais. Shangazi alinipigia simu nisivuke mpaka Jumatatu, tuone watu watapokeaje. Hofu ya vurugu za uchaguzi wa mwaka 2007 haijawatoka watu wa umri wake. Idi nikaila nyumbani na mama, pilau na nyama ya kugawiwa, na Jumatatu nikarudi kazini njia ikiwa shwari.

Mzee wa Vanga alikuwa ametuma salamu kwamba kanzu ni ndefu kuliko alivyoagiza na kwamba ameipenda hivyo hivyo, inamfunika miguu. Asirudishe. Lakini yule kijana wa Jasini alinikuta dukani nimetangulia kukaa kwenye cherehani. Aliweka kanzu mezani bila salamu.

"Dada fundi, nimeswali Idi na ndama za miguu nje. Wenzangu wananiuliza nimejiunga lini na Answari Sunna, wale wa kanzu fupi."

Msichana wa vifungo akainama chini ya meza, anatafuta sindano ambayo haikuanguka. Shangazi akakumbuka kuna kitu anataka sokoni.

Nikaifungua pindo. Ndani palikuwa na inchi moja ya kushusha, haitoshi. Nikatafuta mabaki ya kitambaa kilekile, nikamkatia kipande cha kuzunguka chini, na pale kwenye kiungo nikapitisha urembo wa uzi mweupe, mistari miwili, ionekane ni mtindo. Aliivaa palepale juu ya suruali yake, akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Akasema sasa inaonekana ya bei kuliko mwanzo. Nikamwambia ndiyo, na bei yenyewe ni shilingi 100 za Kenya kwa kipande na urembo. Shangazi alikuwa ameniachia kazi, kwa hiyo bei ilikuwa yangu.

Akatoa hela za Tanzania, elfu mbili.

"Elfu mbili na mia moja na kitu," nikasema. "Soma ubao pale nje."

"Mimi na wewe wote tumetoka Mkinga, unanivunjia hela kwa bei ya ubao?"

Nikachukua mkasi, nikashika pindo. Nikamuuliza inchi ngapi nitoe, moja au nusu. Akaongeza mia mbili na hakudai chenji.