Mradi wa shakwe, Januari: kijana ametambulika, mkubwa bado

Lengo langu msimu huu wa baridi ni moja tu: kumpata shakwe wa Kaspi, Larus cachinnans, ndani ya kundi la shakwe wa spishi nyingine inayofanana naye, Larus argentatus, na kumtambua kwa hoja zinazosimama. Zamani wote wawili walihesabiwa spishi moja, na ukilitazama kundi zima limejikunyata kwenye upepo utaelewa kwa nini.

Leo nimempata kijana aliye katika baridi yake ya kwanza. Shakwe hawa huchukua takriban miaka minne kufikia rangi za ukubwani, kwa hiyo umri ndio jambo la kwanza kuamua. Bila hilo unalinganisha visivyolingana. Kilichonivuta ni kichwa: cheupe pe, jicho dogo jeusi, na nyuma ya shingo michirizi ya kahawia kama mtandio. Argentatus wa rika lake huwa na kichwa chenye michirizi mingi na sura nzito. Mdomo nao ulikuwa mrefu na mwembamba, bila ule uvimbe wa chini karibu na ncha.

Umbo peke yake halinitoshi, kwa sababu jike dogo la argentatus naye huwa na mdomo mwembamba. Nikahamia kwenye manyoya. Mgongoni yalikuwa ya kijivu hafifu yenye alama nyembamba nyeusi katikati. Yale ya ndani ya ubawa, yanayofunika mgongo ubawa ukikunjwa, yalikuwa meusi yenye weupe nchani tu, ilhali ya argentatus huwa na madoa yanayoingia kutoka pembeni. Nikasubiri ainue mbawa. Alipoinua, chini ya mbawa palikuwa peupe, na mkia ulikuwa mweupe wenye mkanda mweusi uliokatika vizuri. Nilifurahi mno!

Naweka ushahidi wote huu kwa sababu huko Poland na mashariki mwa Ujerumani spishi hizi mbili huzaliana, na machotara wake huchanganya alama za pande zote. Kwa kijana huyu kila alama inaelekea upande mmoja. Nimemwandika: Kaspi.

Kulikuwa pia na mkubwa mwenye jicho jeusi na miguu mirefu iliyopauka. Huyo simwandiki kwa jina bado. Wako Kaspi wenye jicho la rangi hafifu, na rangi ya jicho haiamui kesi. Kinachoamua zaidi ni unyoya wa nje kabisa wa ubawa: kwa Kaspi, mstari mrefu wa kijivu hafifu, kama ulimi, hupenya ndani ya weusi wake, na huonekana tu ubawa ukiwa wazi. Mkubwa huyu alisinzia kwa mguu mmoja muda wote.

Kesho kutwa narudi na kamera saa wanapooga. Shakwe akimaliza kuoga hukunjua mbawa na kuzipiga hewani, na hapo ndipo nitaupata unyoya ule.